Tupeni Mita Mbili: Barua ya Wazi kwa Mnaosimamia Kazi za Mionzi

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaotia saini. Wakuu wa hospitali, maofisa wa manunuzi, wasimamizi wa ujenzi na viwanda ambako mabomba yaliyochomelewa hupigwa picha za mionzi kutafuta nyufa, na ninyi mlio kwenye mamlaka za udhibiti. Mimi ni mpiga picha za eksirei. Kwa miaka mingi nimesukuma mashine ya magurudumu kutoka wodi hadi wodi, kuwapiga picha wagonjwa wasioweza kunyanyuka kitandani. Nina jambo moja la kuwaambia, nalo ni hili: umbali kati ya mfanyakazi na chanzo cha mionzi mnaupanga ninyi. Mnaupanga mnaponunua waya, mnapogawa vyumba, mnapopunguza watu kwenye zamu. Sisi tunasimama pale mlipotuweka.

Nianze na waya.

Kitufe cha kupigia picha kwenye mashine ya wodini kimeshikizwa kwenye waya uliojisokota kama ule wa simu za mezani. Ukiunyoosha wote, unamfikisha mpigaji mita mbili na ushee kutoka kwa mgonjwa. Wa kwetu ulizeeka. Ganda lake lilianza kuchanika pale unapoingia kwenye mashine, kisha nyuzi za ndani zikaonekana, mpaka asubuhi moja kitufe kikakataa kabisa. Fundi akaja. Alikata sehemu iliyoharibika, akaunga iliyobaki, akaizungushia utepe mweusi, akabonyeza. Mashine ikalia mlio wake, picha ikatoka safi. Kwenye daftari la matengenezo akaandika maneno mawili: "Inafanya kazi."

Ilifanya kazi kweli. Lakini tangu siku hiyo, ili kidole gumba changu kifike kwenye kitufe, ilinilazimu kusimama nusu mita kutoka kwa mgonjwa. Nilijizoesha kugeuza uso na kurudisha bega nyuma kila nilipobonyeza, kama mtu anayewasha jiko la mafuta asiloliamini. Niliripoti kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba fungu la vipuri limekwisha kwa mwaka huo, na kwamba aproni ya risasi, lile vazi lenye madini mazito ya kuzuia mionzi, ninayo. Nikaripoti tena. Hali ile ilidumu miezi saba.

Simlaumu fundi. Aliulizwa kama mashine inapiga picha, akajibu alichoulizwa. Hakuna mahali kwenye fomu yake palipouliza mpigaji atasimama wapi.

Sasa hesabu. Mionzi ikitoka kwenye chanzo kidogo hutandaa pande zote kadiri inavyokwenda, sawasawa na mwanga wa taa. Shika karatasi mita moja kutoka kwenye balbu, kisha irudishe hadi mita mbili. Mwanga uliokuwa ukitosha kujaza karatasi ile sasa umetanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, umefunika eneo la karatasi nne. Ya kwako inapata robo. Kwenye mita tatu inapata moja ya tisa. Kwenye mita kumi, moja ya mia. Ndiyo maana tunasema mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Wengi wakisikia hivyo hufurahi, wakasahau kuisoma kanuni kwa upande wa pili. Ukitoka mita moja ukaja sentimita kumi, umeizidisha mionzi mara 100. Ukifika sentimita moja, mara 10,000. Na kutoka mita mbili hadi nusu mita, waya wangu mfupi uliizidisha mara 16.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwenye mionzi sisi ndio tulio upande wa nyoka, na umbali huo wa fimbo ndio uhai wetu.

Nakumbuka siku niliyolielewa hili kwa miguu, wala si kwa daftari. Mwalimu wetu aliweka chanzo kidogo cha mafunzo mwisho wa meza ndefu, akatupa kipima mionzi, akatuambia turudi kinyumenyume polepole huku tukisoma. Nusu mita: 80. Mita moja: 20. Mita mbili: 5. Kile kifaa kilianza kwa milio ya haraka haraka kama mvua juu ya bati, na kadiri nilivyorudi nyuma milio ikawa matone, halafu tone moja moja. Karibu na mlango kilikuwa kinahesabu mionzi asilia tu, ile inayotoka ardhini, angani na hata ndani ya miili yetu, ambayo kwa wastani wa dunia humpa mtu takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka (milisiverti ni kipimo cha mionzi anayopokea mtu). Hakuna aliyejenga ukuta. Hakuna aliyenunua kitu. Nilikuwa nimepiga hatua chache tu.

Niseme pia pale hesabu hii inapolegea, maana sitaki mtu aitupe barua yangu kwa kisingizio hicho. Wodini, mionzi inayomfikia mpigaji haitoki kwenye nukta moja. Inatawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, nao ni mpana. Ukiwa karibu sana kanuni ya mraba haiwi kamili, kwa hiyo ile mara 16 ni makadirio. Katikati ya kuta, mionzi mingine hudunda na kurudi. Na picha moja ya kifua ni jambo dogo: mita moja kutoka kwa mgonjwa, mionzi iliyotawanyika kwa kawaida ni kama sehemu moja ya elfu ya ile iliyotua kwenye ngozi yake. Sijawahi kumtisha mtu kwa picha moja, na sitaanza leo. Lakini mimi sikupiga moja. Nilipiga za zamu nzima, siku baada ya siku, miezi saba, na kila moja ilinipa zaidi ya ilivyopaswa kunipa kwa sababu ya kipande cha waya.

Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inapendekeza mfanyakazi asizidi milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na asizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa raia wa kawaida ni milisiverti 1. Nimewahi kuambiwa kwamba usomaji wa beji yangu, ile inayopima mionzi ninayopokea, uko chini ya kikomo, basi nina lipi la kulalamikia? Waheshimiwa, kikomo ni ukingo wa shimo. Hakikuwekwa ili tujenge karibu nacho. Tume hiyo hiyo inataka dozi ishushwe kadiri inavyowezekana kwa busara, gharama na mazingira vikizingatiwa, na hata gharama ikizingatiwa, waya hauwezi kuonekana ghali mno. Tena mimi nina beji. Muuguzi aliyebaki kando ya kitanda kumshikia mgonjwa mpira wa oksijeni hana.

Kuhusu aproni, jibu la "aproni unayo" nimelisikia mara nyingi, nami nataka nilijibu vizuri. Aproni yenye nusu milimita ya risasi ni rafiki wa kweli mbele ya eksirei za hospitali zilizotawanyika. Huzizuia kwa sehemu kubwa, na mimi naivaa bila kunung'unikia uzito wake. Ila haifuniki macho, wala mikono. Na mbele ya mionzi ya gama inayotumika nje ya hospitali, aproni hiyo hiyo karibu haina kazi. Gama ya kobalti-60 inahitaji risasi yenye unene wa takriban milimita 12 ili ipungue nusu tu. Nimekutana na kikosi cha wapiga picha za mabomba waliovishwa aproni za hospitali na mwajiri aliyeamini kwa moyo mweupe kwamba amewalinda. Alikuwa amenunua mzigo wa mabegani. Fedha ile ingetosha kamba ya kuzungushia eneo, taa za tahadhari na kipima mionzi cha pili, na mtu aliyetoka mita moja akasimama mita kumi angepata kinga ya mara 100 bila kuvaa chochote.

Chumba cha upasuaji kina habari yake. Pale hutumika mashine yenye mkono wa umbo la C, inayoonyesha picha mfululizo wakati daktari wa mifupa akiunganisha mfupa. Daktari hana budi kuwa karibu. Mikono yake iko kazini. Lakini chumbani kuna watu wengine: muuguzi wa vifaa, mtaalamu wa usingizi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza. Hao wakitoka nusu mita wakasimama mita moja wakati pedali inakanyagwa, wanachopata kinashuka hadi karibu robo. Hatua moja tu. Kwetu hatua hiyo haipo. Stoo iligeuzwa ofisi, na vilivyokuwa stoo vikahamishiwa ukutani mwa chumba cha upasuaji: masanduku ya dripu yamepangwa hadi usawa wa kifua, stendi zilizovunjika, meza ya ziada iliyolazwa ubavu. Kinga ya risasi ya magurudumu iko nyuma ya masanduku hayo na haiwezi kuvutwa. Nilimwona muuguzi mmoja akirudi nyuma picha ilipoanza, kisigino chake kikagonga sanduku, akasita, akarudi alipokuwa. Alikuwa anafanya sawasawa na alivyofundishwa. Sanduku ndilo lililomrudisha.

Sijui kama yupo aliyewaambia, mlipoidhinisha ile stoo kuwa ofisi, kwamba mlikuwa mnaidhinisha pia dozi ya macho. Kikomo cha lenzi ya jicho kwa mfanyakazi kilipendekezwa kushushwa mwaka 2011, kutoka milisiverti 150 kwa mwaka hadi 20, baada ya kubainika kwamba mtoto wa jicho huweza kuanza kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Ni jicho lile lile, na chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni tunachokijua, na vyumba vyetu havijafuata.

Kuna pia amri ya maneno mawili ambayo kila mpiga picha anaijua: "Wewe mshike." Mtoto analia, anajirusha, hatulii kwenye meza, na anayeamriwa kumshika ni yule yule aliyemshika wa jana na wa juzi. Pale umbali umeondolewa kabisa. Mikono iko kando ya mwale wenyewe. Mzazi akishika mara moja, amevaa aproni na hana mimba, hiyo ni mara moja katika maisha yake. Mfanyakazi akifanywa kishikio cha kudumu, ni maisha yake yote ya kazi. Mito na mikanda ya kumtuliza mtoto imekuwepo miaka na miaka. Tunaiomba kila bajeti.

Wenzetu wa tiba ya nyuklia wanaoshika vichupa na sindano za dawa zenye mionzi wana shida ya jamaa hiyo hiyo, ila yao iko kwenye vidole. Hakuna anayeokota kaa la moto kwa mkono wakati koleo lipo. Kichupa kilichoshikwa kwa kibano kirefu, sentimita 30 kutoka kwenye vidole badala ya sentimita moja, huvipunguzia vidole hivyo mionzi karibu mara 900. Kibano ni kipande cha chuma kilichokunjwa. Kinapokosekana, mtaalamu hataacha mgonjwa asubiri. Atatumia vidole, haraka haraka, akijiambia kwamba haraka itamlinda. Haraka inasaidia. Lakini kupunguza muda kwa nusu kunakupa nusu, na umbali ukiongezeka mara mbili unakupa robo.

Sasa twende nje ya hospitali, ambako makosa ya umbali huua waziwazi.

Chanzo cha iridiamu-192, metali yenye mionzi ya gama, cha kukagulia mabomba ni kitu kidogo, kinakaa kwenye ncha ya kidole. Mionzi yake haionekani wala haina harufu. Chukua chanzo chenye nguvu ya terabekereli 3.7, au kyuri 100 kwa kipimo cha zamani, kiwango kisicho cha ajabu katika kazi hiyo. Kikiwa nje ya kasha lake, mtu aliye mita moja anapata karibu nusu siverti, yaani milisiverti 500, kwa saa. Dakika mbili na nusu zinammalizia kiwango cha mfanyakazi cha mwaka mzima, zile milisiverti 20. Aliye mita kumi anahitaji zaidi ya saa nne kufikia hapo. Aliyekishika, kwenye umbali wa sentimita moja, anapata zaidi ya siverti moja kila sekunde mahali kinapogusa. Chanzo ni kimoja. Kilichowatofautisha watu hawa watatu ni walipokuwa.

Februari 1999, kwenye ujenzi wa kituo cha umeme wa maji cha Yanango nchini Peru, mchomeleaji mmoja aliona kipande kidogo cha chuma chenye mkia wa waya kimelala chini. Akakiokota, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi. Kilikuwa chanzo cha iridiamu-192. Kilikaa pale saa kadhaa, akarudi nacho nyumbani. Paja likaanza kumuuma. Usiku, wapiga picha walipogundua kwamba chanzo hakipo, wakamfuata na kukichukua. Aliishia kukatwa mguu. Waliokuwa naye nyumba moja hawakupata jeraha la ukubwa ule. Nawaomba mtazame mfuko huo kwa makini: unene wa kitambaa, hakuna kingine, kati ya kile chuma na nyama ya mtu.

Mchomeleaji yule hakuwa mtu wa mionzi. Hakuwa na sababu ya kukiogopa alichokiokota. Miaka 15 kabla yake, 1984, nchini Moroko, chanzo cha aina hiyo hiyo kiliokotwa kikapelekwa nyumbani, na watu wanane wakafa. Mwaka 2000, katika kijiji cha Mit Halfa nchini Misri, kingine kikaokotwa. Baba na mwanawe wakafa. Kila kisa kina mahali ambapo mtu mwenye kipima mionzi angetembea hadi kwenye kasha, akasoma, na kujua kwamba chanzo hakikurudi. Kitendo hicho ni cha dakika moja. Ni lazima kifanywe kila baada ya picha, hata ya arobaini, hata saa kumi alfajiri. Ninyi wasimamizi mnapompa mtu kipima chenye betri iliyokufa na orodha ya maungio ya mabomba inayopaswa kuisha kabla ya jua kuchomoza, mmemwambia asikague, hata kama kwenye karatasi mmemwambia akague.

Na kuna mahali umbali haupo tena wa kugawa. Mjini Goiânia, Brazili, kliniki ya tiba ya mionzi ilihama ikaacha mashine yake ya sesiamu-137 kwenye jengo tupu. Septemba 1987 watu wawili waliingia wakaichukua kama chuma chakavu. Kasha likavunjwa, ndani mkatoka unga uliong'aa bluu gizani. Watu wakaugawana. Wengine wakajipaka. Msichana wa miaka sita alikula huku unga uko mikononi mwake, akafa. Wengine watatu wakafa pia, na zaidi ya watu 112,000 wakapimwa. Mbele ya kitu kama kile huwezi kumwambia mtu arudi nyuma hatua tatu. Unga ukishaingia mdomoni, chanzo kimo ndani ya mwili, na mraba wa umbali hauna la kusema. Mita za kuwalinda watu wale zilipaswa kuwekwa kabla jengo halijaachwa: kufuli, mlinzi, karatasi ya makabidhiano yenye jina la anayewajibika. Kama mna mashine ya tiba iliyostaafu kwenye chumba cha nyuma, nendeni mkaione wiki hii.

Nisije nikaonekana nasema viongozi hawawezi. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu-137 chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye lori katika safari ya takriban kilomita 1,400. Mamlaka ziliwaambia wananchi: ukikiona, kaa mbali angalau mita tano. Napenda sana agizo lile. Mtu asiyejua siverti ni nini anajua mita tano ni hatua ngapi. Mita moja kutoka kwenye kidonge kile mionzi ilikuwa karibu milisiverti mbili kwa saa. Kwenye mita tano inashuka chini ya moja ya kumi ya milisiverti. Kilipatikana Februari 1 kando ya barabara, kikinaswa na kifaa kilichokuwa ndani ya gari linalotembea.

Nambari za namna hiyo zipo tayari kwa waokoaji pia. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kwa wanaofika wa kwanza unasema, chanzo kikiwa nje ya jengo, zungusha eneo la mita 30 kuzunguka chanzo hatari kisicho na kinga au kilichoharibika, mita 100 kama kimemwagika kwa wingi, na mita 300 kama kuna moto, mlipuko au moshi. Ni nambari tatu tu. Zinaenea kwenye kadi ya mfukoni ya askari wa zimamoto, polisi, na mwenye yadi ya chuma chakavu. Shirika hilo hilo, pamoja na shirika la viwango la kimataifa, lilitoa mwaka 2007 alama mpya ya kuwekwa kwenye vyanzo hatari: pembetatu nyekundu yenye mionzi inayotiririka kutoka juu, fuvu, na mtu anayekimbia. Sababu ni kwamba ile alama ya zamani ya mapanga matatu haimwambii kitu asiyefundishwa. Mtu anayekimbia anaeleweka bila kusoma.

Na maarifa haya hutibu pia hofu, jambo ambalo mngelipenda hata kama hamjali mengine yote. Nikiingia wodini, wauguzi wengine hukimbia hadi mwisho wa korido, mgonjwa mwenye shida ya kupumua akabaki peke yake. Wengine hawataki kumgusa mgonjwa baada ya picha, wakidhani mionzi imebaki kwenye shuka. Eksirei ikizimwa imekwisha, kama taa. Na aliye mita tano kutoka kwa mgonjwa wakati wa picha hana sababu ya kukimbia kokote. Nilipomchorea muuguzi mmoja zile karatasi nne kwenye ubao wa wodi, aliacha kukimbia. Siku hizi hurudi hatua tatu, husubiri mlio, kisha huja kumgeuza mgonjwa.

Sasa niwaeleze waya wangu ulivyopatikana. Katika mwezi wa saba wa ule waya mfupi alikuja mkaguzi. Hakuanza na makaratasi. Aliniambia nipeleke mashine kwenye kitanda kitupu na nijifanye napiga picha. Nikashika kitufe, nikageuza uso, nikarudisha bega nyuma kama nilivyozoea. Akaniangalia bila kusema neno. Kisha akatoa futi kamba mfukoni, akashika ncha moja kwenye ukingo wa godoro, akaivuta hadi kwenye mkanda wa suruali yangu, akasoma kwa sauti mbele ya mkuu wangu: "Sentimita hamsini na mbili." Waya mpya ulifika baada ya siku tisa. Fungu la vipuri lilikuwa bado limekwisha, hivyo sijui fedha zilitoka wapi, wala sikuuliza.

Ndicho ninachowaomba kila mmoja wenu. Shukeni na futi kamba. Mwambieni mpiga picha asimame anaposimama kila siku, mpime. Ikiwa ni chini ya mita mbili, ulizeni kinachomzuia. Mtakuta ni waya, sanduku, kitanda kilichosongamana au mtu anayekosekana kwenye zamu, na kila kimoja kati ya hivyo kina saini ya mmoja wenu. Kwenye maeneo ya ujenzi, ombeni mwonyeshwe kipima mionzi kikiwashwa mbele yenu. Wekeni mstari wa rangi sakafuni unaoonyesha pa kusimama. Na kwenye fomu ya matengenezo, chini ya "inafanya kazi", ongezeni mstari mmoja: mpigaji anasimama umbali gani?

Kwetu, anzeni na chumba cha upasuaji. Nilipita jana jioni. Masanduku ya dripu yameongezwa safu moja, na kinga ya magurudumu bado iko nyuma yake.

Wenu kazini,
Mpiga picha za eksirei wa wodini